Heko, Joto la Lodwar

Wa Limuru na wajivunie ukungu wao, na wa Nyahururu masweta yao. Sisi tuna joto, tena lisilo la msimu. Wenzetu hungoja Februari ndipo walalamike. Lodwar nyuzi 35 ni mchana wa kawaida, iwe Julai au Desemba, na mtabiri wa hali ya hewa angeweza kurekodi sauti yake mara moja tu, akastaafu.

Wakoloni waliitambua mapema bidii ya joto hili. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo cha Lokitaung mwaka 1959, hawakumwacha aende zake; walimleta hapa, akakaa kizuizini hadi 1961. Joto lilisaidia kumlinda bila bunduki wala posho, na malimbikizo yake hayajalipwa hadi leo.

Na ukarimu je? Fungua mfereji saa nane mchana, maji yatoka yakiwa moto tayari. Samaki wa Kalokol hupasuliwa, akatandazwa juani, akakauka bila kudai barafu. Nguo ndiyo usiseme: ukifika mwisho wa kamba, ya kwanza imeshakauka. Mvua ya kuirudisha ndani? Ya mwaka mzima hapa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Kakamega.

Lakini ufundi wake hasa utauona kwenye nyumba. Mama wa Kiturukana hujenga kibanda cha duara kwa makuti ya mkoma, upepo ukapenya utakavyo. Mwenye pesa humwita fundi, akapanga matofali ya saruji, akaezeka mabati, akatia mlango wa chuma. Adhuhuri komeo la mlango huo halishikiki ila kwa ncha ya shuka. Saa nne usiku ukuta ungali unalipa deni la mchana, na tajiri anakokota godoro uani akalale karibu na mlinzi wake. Usawa wa namna hii ni mwanasiasa gani aliyewahi kuuleta, tena bila kampeni?

Hata mathenge umepata heshima. Ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kumeza malisho! Baringo waliishtaki serikali kwa ajili yake, wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani awe ushahidi. Hapa, saa saba mchana, nani atautukana? Kivulini mwake wamejaa waendesha bodaboda, karani aliyekimbia ofisi, wazee juu ya vigoda vyao vya ekicholong, na mbuzi wenyewe, ambao itabidi uwaombe wasogee.