Sifa za Barua ya Deni

Katika barua zote zinazoweza kumfikia mtu aliyeumia kazini, hakuna iliyo bora kuliko ile inayomwarifu kwamba amelipwa kupita kiasi. Barua ya pole husomwa mara moja ikawekwa kando. Hii ya Social Security, shirika la hifadhi ya jamii la Marekani, husomwa na nyumba nzima, kisha na jirani anayejua Kiingereza kidogo, kisha na mtoto wa shule anayekijua kuliko jirani. Tuitendee haki, tuitaje sifa zake.

Ya kwanza ni hesabu. Tumchukue Mkongo wa kiwanda cha nyama huko Kentucky, aliyekuwa akilipwa dola 3,000 kwa mwezi. Mkanda haukusimama, nyama ikapita, kisu kikakata, mpaka siku misuli ya bega ilipochanika. Fidia ya ajali kazini ikampa theluthi mbili ya mshahara, dola 2,000. Ilipodhihirika kwamba harudi kazini, Social Security nayo ikamwekea benki dola 1,400 za ulemavu. Jumla 3,400. Akamshukuru Mungu, asijue kwamba sheria hairuhusu fedha hizo mbili zikijumlishwa zizidi asilimia 80 ya kipato chake cha awali, yaani dola 2,400. Kila mwezi basi alikuwa akila dola 1,000 za serikali, tena zilizotumwa na serikali yenyewe. Baada ya miaka miwili barua inabisha hodi: dola 24,000, hakuna senti iliyopotea. Nani mwingine aliwahi kumtunzia mlalahoi hesabu zake kwa uangalifu kiasi hicho?

Sifa ya pili ni subira. Karatasi za fidia alizipeleka kwenye dirisha la Social Security mapema, karani akazipokea, akamwambia asante. Mdai wa mtaani, kwa kukosa malezi, angemfuata mwisho wa mwezi wa kwanza, deni likiwa bado dogo na linalipika. Barua yetu haina papara. Ililiacha deni likue, linenepe, lipate hadhi ya kuandikwa kwa tarakimu tano. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Ya tatu ni ugawaji wa kazi. Ofisi imekosea, mgonjwa atalipa. Kila upande umepewa sehemu yake na hakuna aliyekaa bure. Na asije akajitetea kwamba fedha alikwishazila, maana ndivyo barua inavyojua kwamba zilimfikia.

Ya nne, barua hii ni mwalimu wa siasa. Mpaka mapema mwaka 2024, asiyeijibu aliweza kukatwa malipo yake yote ya mwezi. Machi mwaka huo Martin O'Malley, aliyekuwa mkuu wa shirika hilo, akashusha makato yawe asilimia 10. Machi 2025 likatoka tangazo la kurudi kwenye asilimia 100. Aprili haijaisha, ikawa 50. Mkongo wetu, ambaye sasa fidia ya kiwandani imekoma na amebaki na zile 1,400, akae na kalamu. Kwa asilimia 10 angelipa kwa zaidi ya miaka 14. Kwa 50, karibu miaka mitatu. Kwa 100, kama mwaka na nusu hivi, bila senti ya kodi ya nyumba. Bega ni lilelile, deni ni lilelile. Kilichobadilika ni nani ameketi makao makuu ya shirika huko Maryland, na tangu lini. Kuna chuo gani kingemfundisha hayo bure?

Sifa ya tano ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni haya. Madai yake imeyaweka mbele kwa sauti, lakini fadhila zake imezificha kurasa za nyuma, kama muungwana asiyependa kutangaza sadaka. Huko nyuma inanong'ona kwamba asiyekubaliana na hesabu ana siku 60 za kukata rufaa, kwa fomu SSA-561. Kwamba asiye na kosa, ambaye kulipa kutamnyima chakula na pango, au kutakuwa dhuluma tu, anaweza kuomba asamehewe kwa fomu SSA-632, na ombi hilo halina mwisho wa muda. Kwamba asiyemudu kiwango anaweza kuomba akatwe kidogo kidogo. Kwamba akikata rufaa au akiomba msamaha ndani ya siku 30, makato hayaanzi mpaka ajibiwe. Hata mkalimani, ofisi humtoa bure kwa anayemwomba, na mtoto akaachwa afanye kazi zake za shule.

Wanaosema dawa ya deni ni kulipa hawakuisoma barua hii mpaka mwisho. Dawa ya deni hili, kwanza, ni kujibu.