Lori Lenye Afya Njema Kuliko Yote

Katika kampuni yetu ya uchukuzi hapa Tabora, lori lenye afya njema kuliko yote liko juu ya mawe tangu msimu wa tumbaku wa mwaka juzi. Halina gia boksi, halina betri, na kuku wa mlinzi wanataga ndani ya kebini. Lakini fungua ile programu mpya ya matengenezo ya magari uone: Fuso hilo ni kijani tupu, wakati malori mengine yote ni ya njano na nyekundu. Programu inahesabu kilomita, na gari lisilotembea halidaiwi sevisi.

Kazi ya kuilisha programu hiyo nimepewa mimi. Bosi alikwenda Dar es Salaam kwenye maonesho, akarudi na kalamu za bure na mkataba wa mwaka mzima. Akatutangazia kwamba madaftari yamepitwa na wakati. Kuanzia sasa kompyuta itajua kila gari limetembea kiasi gani, oili yake ina umri gani, pedi za breki zilifungwa lini, na itatukumbusha mapema kabla gari halijatuaibisha njiani. Sikubisha. Hata mabasi ya mikoani siku hizi yanafungwa vifaa, na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wanamwona dereva anayekanyaga mafuta porini wakiwa wamekaa ofisini. Sasa sisi na tumbaku yetu tutabaki na madaftari hadi lini?

Akaja kijana wa kutufundisha, na kompyuta yake mgongoni. Akamfuata fundi mkuu wetu, mzee wa Isevya aliyeanza kushika spana kabla kijana huyo hajazaliwa.

“Shikamoo, mzee. Hii Fuso inabadilishwa oili kila baada ya kilomita ngapi?”

“Marahaba, mwanangu. Inategemea anaendesha nani.”

Kijana akatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jibu hilo, hakupaona. Akaandika 5,000.

Elfu tano za wapi, jamani? Elfu tano za lami ya Nzega si sawa na elfu tano za kuingia vijijini Kaliua kufuata marobota. Mwezi wa nane huko vumbi halitui. Njoo masika upite Igunga, kwenye tope jeusi la mbuga za Wembere: lori linanguruma kutwa limekwama palepale, utingo anakata matawi ya kutupia chini. Kilomita zilizoongezeka ni sifuri, oili imekwisha kuwa lami. Na programu yenyewe, nimesoma maelezo yake yote, ina uwezo wa kuhesabu saa za injini badala ya kilomita. Ila kifaa chake kinalipiwa kando, na sisi tumechukua mkataba wa bei ya chini.

Hizo kilomita nazo zinapatikanaje? Nusu ya malori yetu spidomita zimelala. Dereva akirudi kutoka Urambo namuuliza, “Kaka, leo umetembea ngapi?” Anatazama juu ya mwembe, kisha ananiambia, “Andika mia mbili.” Akitoka Sikonge, mia mbili. Akitoka stesheni kuchukua mzigo wa bosi, umbali ambao hata mzee wa miguu mibovu angeutembea, mia mbili. Kompyuta inapokea yote kwa adabu, inajumlisha, inachora na mchoro wa kupanda mlima. Bosi akiuona mchoro anafurahi.

Lakini kinachonichosha zaidi ni filta ya hewa. Juzi nilisimama gereji nikamtazama mzee akiifungua ya lori lililotoka Ulyankulu. Akaigonga kwenye tairi mara mbili tatu, likamwagika vumbi jekundu kama pumba mashineni. Akaipuliza kwa pampu ya upepo, akaiinua juani, akachungulia kama mwanga unapita, akaguna, akairudisha mahali pake. Kwenye programu nina majibu mawili tu: imebadilishwa, au haijabadilishwa. Hakuna jibu la imekung'utwa. Nikiandika haijabadilishwa, gari linabaki jekundu na bosi ananipigia simu. Nikiandika imebadilishwa, stoo inapunguza filta ambayo haikuwahi kuwemo stoo. Kwa hesabu za kompyuta, sasa tuna filta pungufu ya sifuri. Wahasibu watajua wenyewe la kufanya.

Mji huu hesabu za safari ulizijua zamani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, pale pale tunapopaita Tabora, Novemba. Punda wengi walikuwa wakifia njiani, kwa hiyo gari la enzi hizo lilikuwa bega la mpagazi, na bega hilo lilibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Hapa Unyanyembe ndipo misafara ilipovunjwa na kuundwa upya: wapagazi waliomaliza ahadi yao wakalipwa, wapya wakaandikwa, mizigo ikafungwa tena. Matengenezo makubwa yalifanyika hapa hapa. Na kirangozi, kiongozi wa msafara, hakuhitaji ujumbe wa kumkumbusha, kwa sababu mpagazi aliyekosa kibaba chake cha posho alitua mzigo usiku akatokomea porini, na asubuhi mwenye msafara aliona mwenyewe. Reli ilipofika mwaka 1912 mabega yakapumzika. Baadaye yakaja malori, nayo yakirukwa posho yanatoroka kwa namna yake: yanalala Wembere.

Posho ndiyo kilio changu. Programu haikosei kukumbusha. Kila alfajiri inatuma ujumbe kwa bosi, kwangu na kwa mzee: lori hili oili, lile breki, lile mkanda wa feni. Bosi hujibu kwa picha ya kidole gumba. Mzee anachukua hicho kidole gumba hadi duka la spea, na mwenye duka anamwonesha msumari ukutani ambako karatasi za madeni yetu zimechomekwa hadi msumari wenyewe hauonekani. Mzee anarudi mikono mitupu, anakung'uta tena filta, mimi naandika tena uongo wa kistaarabu, na kesho alfajiri ujumbe unaingia ule ule, na gumba lile lile.

Bosi, najua safu hii huwa unaisoma. Mkataba wa programu unaisha mwezi ujao, na yule kijana ameshaanza kupiga simu. Kabla hujamlipa, pitia dukani ulipe deni, kisha uchukue filta za oili, mikanda ya feni na pedi za breki za nyuma. Orodha ya magari usiitafute kwenye kompyuta, mwulize mzee.