Jinsi ya Kurekodi Kantri Isiyo Kantri

Ukitaka kuingia katika biashara hii, usizaliwe Nashville. Zaliwa Lake Charles, Louisiana, mwaka 1953, uitwe Lucinda Williams. Baba yako awe mshairi na mwalimu wa vyuo vikuu, wa kuhamahama na familia mji hadi mji. Miji hiyo itunze kichwani, utakuja kuihitaji. Na siku ukikutana na Mkenya aliyelelewa na redio ya Jumapili, atakuuliza wewe ni nani wake Don Williams, yule mwimbaji wa kantri. Usinune. Mjibu tu kwamba si ndugu wala jirani.

Kisha bisha hodi kwenye kampuni za muziki. Los Angeles watakwambia wewe ni kantri mno. Nashville watakwambia wewe ni roki mno. Usirekebishe kitu. Jina la hapo katikati ulipokwama, yaani kantri mbadala, litabuniwa na watu wengine, wengi wao wasiojua kukaza hata waya wa gitaa.

Kwenye kurekodi ndiko wageni huumbuka. Anza albamu yako Austin, Texas, mwaka 1995, na Gurf Morlix, mpiga gitaa wako wa miaka mingi. Fikeni karibu na mwisho. Hapo ukubali mwaliko wa kuimba kwenye wimbo wa Steve Earle, usikie jinsi yeye na fundi wake Ray Kennedy walivyoinasa sauti yako. Hilo ndilo kosa lenyewe: umeonja pilau ya jirani na sufuria lako liko jikoni, tayari limeiva. Sasa huna budi kumwaga.

Basi anza upya Nashville, kwa Earle na Kennedy. Morlix ataondoka, na urafiki mzima utaondoka naye; katika gharama zote za albamu hii, hiyo sioni wa kuirudisha. Earle naye ana safari zake. Beba mikanda uende Los Angeles, kwa Roy Bittan, mpiga kinanda wa Bruce Springsteen. Ukidhani umemaliza, mambo ya lebo yatakuweka tena, mpaka Mercury waichukue. Mwaka 1997 jarida la New York Times litakuandika kwa ukali wako wa kutoridhika, na albamu yenyewe bado haipo dukani. Watu watakujua kwa kuchelewa kabla hawajakujua kwa kuimba.

Itoke tarehe 30 Juni 1998, miaka sita baada ya ile iliyotangulia, nayo iitwe Car Wheels on a Gravel Road. Nyimbo 13. Mnunuzi atatafuta miaka hiyo sita ilipokwenda na asiione. Hakuna kwaya wala madoido. Kuna gitaa, ngoma, kodiani mahali fulani, na sauti yenye mikwaruzo inayoburuta maneno kana kwamba imeamka sasa hivi. Miji inatajwa kama mtu anavyohesabu ndugu zake: Lafayette, Baton Rouge, Vicksburg. Utadhani yote yalifanyika jioni moja barazani. Mimi naamini miaka yote ile ilitumika kufuta alama za jasho, na kama kuna njia fupi ya kufika hapo, mwongozo huu hauna.

Wahakiki hawatakusumbua: katika kura yao ya gazeti la Village Voice utakuwa wa kwanza mwaka huo. Matatizo yatakuja kwenye Grammy za 1999. Albamu itashinda kama muziki wa folk wa kisasa. Wimbo wa "Can't Let Go" utateuliwa upande wa waimbaji wa kike wa roki, na huo ndio pekee ambao hukuutunga wewe, ni wa Randy Weeks. Kantri, ambako jina lako linatajwa kila siku, watakuangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Pokea sanamu yako, shukuru, usiulize swali.

Ila kuhusu wimbo uliobeba jina la albamu, jiandae. Wimbo huo una mtoto mdogo ndani ya gari, anasikia magurudumu kwenye changarawe na wakubwa wakizozana. Baba yako atausikia ukiuimba jukwaani, kisha atakuja kukuomba radhi. Utamuuliza radhi ya nini. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba mtoto yule ni wewe.