Namna ya Kuugua Vitabu Ankoro Bila Kufukuzwa Nyumbani

Usihangaike kutafuta duka la vitabu. Teremka bandarini, pale mto Luvua unapoingia Lualaba, umtafute mama muuza karanga. Karanga zake anazifunga kwenye karatasi iliyosokotwa, na karatasi hiyo lazima imetoka mahali: daftari la mtoto aliyeshindwa mtihani, hesabu za sadaka, au, siku yako ikiwa njema, riwaya. Nunua. Mimina karanga mfukoni, nyoosha karatasi gotini, pangusa chumvi, soma. Utakuta mwanamke amerudi safari, amesukuma mlango, amemwona mumewe ameketi na... na ukurasa umekwisha.

Mtu mzima wa afya angekwenda zake nyumbani. Mgonjwa anarudi kwa mama yule na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta dawa ya mtoto, kama zimebaki karanga za ukurasa wa 44. "Mwalimu," atakujibu, "unakuya kula karanga ao kula karatasi?" Usibishane. Nunua tano nyingine. Kurasa haziji kwa mpangilio. Utahudhuria mazishi ya mtu kabla hajachumbia. Zoea. (Kuitwa Mwalimu nako uzoee, hata kama hujawahi kushika chaki. Hapa kwetu mtu anayekodolea macho karatasi ni mwalimu au ni mtu wa kodi, na mtu wa kodi hauziwi karanga kwa bei hiyo.)

Ukishapata kitabu kizima, chenye jalada, kinuse. Wapenda vitabu wa miji mikubwa husifu harufu ya wino na gundi. Wewe jifunze kutambua njia. Kilichopanda treni Kalemie, kikashukia Kabalo na kumalizia safari mtoni, kinanuka samaki mkavu tangu dibaji. Kilichoteremka kutoka Bukama kinanuka samaki vilevile, ila kimelowa zaidi. Kilichofungwa nyuma ya baiskeli kutoka Manono kina vumbi jekundu kwenye mshono, na kona zake zimekatika kwa kamba ya mpira. Kinuse mbele ya wageni, ufumbe macho, useme, "Kabalo, msimu wa mvua." Watakuheshimu au wataondoka. Yote mawili yanakupa nafasi ya kusoma.

Mchwa usimdharau, huyo ndiye msomaji wa haraka kuliko wote mjini, na hachagui lugha. Miguu ya meza ya vitabu isimamishe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini. Vile unavyovipenda zaidi viwe kwenye sanduku la bati, karibu na mlango. Mama watoto atauliza kwa nini sanduku la pekee lisiloingia maji limepewa makaratasi na nguo zake zinaning'inia kwenye msumari. Mkumbushe Novemba 2002, nyumba zilipoungua Ankoro kwa maelfu na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Atakujibu kwamba anakumbuka vizuri, na kwamba alibeba sufuria na watoto. Hapo huna jibu, nami sina la kukusaidia.

Lazima pia uwe na kitabu kimoja ambacho hujakiona na unakizungumzia kila siku. Napendekeza ile historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ambayo André Yav aliiandaa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani. Ilipigwa taipu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, chenyewe, bila kuvalishwa tai. Mtu akitaja kitabu chochote, tikisa kichwa polepole: "Ndiyo, lakini umesoma kile cha Yav?" Hajasoma. Nawe hujasoma, ila yeye hajui.

Mjomba akikwambia kusoma ni mambo ya Wazungu, mwulize habari za Lukasa. Kibao cha mbao cha kushikwa mkononi, kimepangwa shanga na makombe. Mjuzi wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikifuata shanga moja baada ya nyingine, naye akisimulia wafalme wa Baluba, safari zao na mahali pao patakatifu. Huko ni kusoma, tena kwa kufuata na kidole, kama unavyochekwa wewe. Mjomba akiuliza Lukasa ziko wapi leo, mwambie moja iko Brooklyn Museum, New York. Mimi sijasikia mtu wa kwetu anayekumbuka kuandikisha jina la mwazimaji.

Na hapo ndipo penye donda: kuazimisha. Mwazimaji huja jioni, anakuamkia vizuri mno, anauliza hali ya watoto wote kwa majina, kisha: "Yaya, unipe tu ile kitabu, nasoma usiku moja." Usiku mmoja wa mwazimaji huanza baada ya Pasaka na kwisha anapohamia Lubumbashi. Ukimnyima, wewe ni bahili. Ukimpa, wewe ni mjinga. Dawa ni kuandika pembeni mwa kurasa maneno ya kumsumbua. Mimi fotokopi yangu ya maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, nimeijaza ugomvi. Kila anapopita Urua, yaani huku huku kwetu, nimemwandikia: "Na pembe hizo ulizipata kwa nani?" Hakuna anayevumilia zaidi ya kurasa kumi.

*Entre les eaux* ya Mudimbe, ile ya 1973 kuhusu padri anayeingia msituni kwa waasi, iondoe mezani Mupe, yaani padri wetu, anapokuja kunywa chai. Hatakasirika, ataiazima, na padri hadaiwi barabarani. Baba mkwe naye hanyimwi. Mpe kwa mikono miwili, na usiku uingize kitabu hicho kwenye hesabu ya mahari.

Ikitokea mwazimaji akarudisha kitabu kisicho chako, usipige kelele. Kifungue kwanza. Kama ni kizuri kuliko ulichompa, mshukuru sana, umsindikize mpaka njia panda. Ukikuta ndani mhuri wa parokia, kivalishe jalada la gazeti, na Jumapili ukae viti vya nyuma.