Mpapai wa Mbagala

Wewe msomaji mwenye shemeji, sogea tukae kidogo. Wangu nimempa jina la Tofali. Ni mdogo wake mke wangu, kazi yake ni kusimama mlangoni pa ukumbi wa starehe kuzuia walevi, na akija kwetu kula wali hata kijiko mkononi mwake kinatia huruma. Siku ya Idi nilivaa fulana ya kubana nikawa najipitishapitisha sebuleni. Akanitazama, akasema: "Shemeji, umevimba tu. Hujakaza."

Mkwe akadakia. Mama mkwe ni mtu wa Lindi, alikuja Mbagala wiki mbili kutibiwa goti. Huu mwaka wa tatu. Miti anaijua. Akanigusa mkono kwa ncha ya bakora yake, akatikisa kichwa. "Mpingo, baba, ukiutia majini unazama. Huu mpapai."

Watoto walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Tangu hapo hata paka nahisi ananiita Mpapai.

Tofali, tumpe haki yake, kazi anaijua. Alinieleza kwamba mwili mgumu hauna dawa ya siri: ni nyama ya kutosha, na mafuta kidogo juu yake. Beba kizito, mara tano au sita, pumzika dakika mbili tatu, rudia. Wiki ijayo ongeza kidogo. Akanionyesha kwenye simu picha za Dorian Yates, Mwingereza aliyetwaa Mr. Olympia mara 6 mfululizo, 1992 hadi 1997. Mgongo una mabonde na vilele kama Usambara! Ila kilichonivutia hasa ni kuambiwa kwamba alifanya seti chache tu, nzito kwelikweli, kisha akaenda zake nyumbani. Hiyo, nikasema, ndiyo michezo ya watu wenye familia.

Ikabaki chakula. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, alisema Tofali, na mimi nina kilo 85. Mke wangu, ambaye mimi humwita Hazina kwa sababu pesa ikiingia kwake haitoki, akashika kalamu: gramu 136 kwa siku, yai moja gramu 6, mayai 23. "Baba Neema," akasema taratibu, "trei nzima ina mayai 30. Unajenga mwili au unafungua banda?" Tukakubaliana maharage na dagaa. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Iliyobaki, ninavyoshuku, ni harufu.

Ada ya jimu Hazina hakutaka hata kuisikia. Basi mimi na mwanangu wa miaka tisa, Injinia, tukajitengenezea vyuma vyetu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, bomba la chuma lililobaki tulipojenga choo, na ndoo mbili za lita 10. Nilipiga hesabu nikiwa na akili zangu timamu. Lita 10, kilo 10. Pande mbili, 20. Kwa mpapai anayeanza, inatosha.

Kumbe hayo ni mahesabu ya maji. Zege ni zito karibu mara mbili na nusu ya maji. Ndoo mbili zilifika kilo 48, na ukiongeza bomba unapata mfuko wa saruji na ziada, mfuko ambao siku zote nimemlipa kijana auingize ndani. Lakini ningejuaje? Aliyeipandisha ile zana juu ya matofali, pande mbili za benchi, alikuwa Tofali, huku anapiga mluzi. Kisha akaenda kazini.

Nikavua shati, nikalala chali, nikaitoa. Ikashuka yenyewe hadi kifuani, ikatia nanga.

"Baba," akauliza Injinia, "hiyo ndiyo moja?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Mkwe akatoka na bakora yake. Sasa fikiria, ndugu yangu: kifua wazi mbele ya mama mkwe! Mama wa watu akageuza uso, akavua kanga ya begani, akanirushia ikanifunika kuanzia utosini, heshima kwanza, ndipo akapiga yowe. Vijana wa bodaboda walipofika walikuta mtu kalala gubigubi ndani ya kanga, mwanamke analia pembeni. Wa kwanza akavua kofia.

Siku mbili baadaye sikuweza hata kuinua mkono nichane nywele. Hazina alinilisha dagaa kwa kijiko, kwa upole ulionitia wasiwasi. Siku hizi nanyanyua dumu la maji, kila wiki naongeza lita moja, na mkono nikiubonyeza peke yangu chooni naona mabadiliko.

Zile ndoo zimepata kazi. Jumamosi iliyopita jirani alikuwa na harusi, wakaziazima kushikilia turubai. Walikuja vijana wawili, wakahema. "Bibi, nani anabeba hivi humu?"

"Mkwe wangu," akajibu mama, bila kupepesa macho.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Kifua kilijaa chenyewe.

"Basi vizuri," akasema kijana, "kesho atazifuata mwenyewe."