Sifa za Mzee FAT32

Ukichomoa flashi bila kuiaga kompyuta, halafu ukairudisha na kukuta picha za harusi zimegeuka majina yasiyosomeka, usilaani. Umetiwa adabu na mzee. Ukoo wa FAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ulianza Microsoft mwaka 1977, enzi za diski za floppy, na FAT32 mwenyewe alitoka 1996 akazibeba kompyuta za mezani za majumbani zama za Windows 98.

Ukarimu wake hauna mfano. Faili ni la nani, yeye hajui wala haulizi: baba, mtoto, mgeni, kirusi, wote karibuni ndani. NTFS, bwana mkubwa aliyeingia na Windows NT mwaka 1993, hagusi orodha ya mafaili yake kabla ya kuandika daftarini anakusudia kufanya nini, ili umeme ukikatika ajue aliishia wapi. FAT32 hana daftari. Umeme ukikatika, naye kapumzika. Ana jedwali tu la kuonyesha kila kipande cha faili kinafuatwa na kipi, na kwa tahadhari ameweka nakala ya pili. Kaiweka bega kwa bega na ya kwanza, anayeharibu moja asihangaike kuifikia nyingine.

Mwambie afute faili: hafuti. Hubadilisha herufi ya kwanza ya jina, hutangaza kuwa nafasi iko wazi, basi. Yaliyomo hubaki palepale mpaka faili jingine lije kuyakalia. Aliyefuta kwa bahati mbaya huita hiyo rehema. Aliyeuza kompyuta na barua zake za mapenzi ndani ataiita jina jingine.

Ana kiasi pia. Ukubwa wa faili huuandika kwa biti 32 pekee, hivyo likifika gigabaiti 4 analikataa, hata flashi ikiwa tupu na ina gigabaiti 64. Kwani sinema lazima iwe kipande kimoja? Hata muda anaubana: saa ya kuhariri faili huihesabu kwa sekunde mbili mbili, za witiri kwake hazipo. Na asingekuwa mwepesi wa kutawanya vipande vya mafaili kila penye upenyo, tungepata wapi ile burudani ya Defrag, programu ya kuvikusanya tena, miraba ya rangi ikihama polepole usiku kucha?

Kwa kuwa hajui mengi, kumwelewa ni rahisi, ndiyo maana redio ya gari, televisheni, kamera, Mac na Linux humpokea bila maswali. NTFS na ruhusa zake hubaki mlangoni kwa baadhi yao. Tena kompyuta mpya inayowaka kwa UEFI huanza kwa kusoma kijisehemu cha diski kilichofomatiwa FAT. Bila mzee, bwana mkubwa haamki. Windows hukificha kijisehemu hicho kisionekane, nadhani kwa aibu.