Picha za Kibira uani kwetu

Safari yenyewe haikutupa taabu. Taabu ilianza picha zilipofika Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura.

Idi pili tulikodi basi dogo, watu wa ua mzima, tukapanda kwa njia ya Bugarama hadi Teza, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Kibira, msitu wa milimani. Bibi magoti yamemkatalia milima, akabaki. Aliagiza kitu kimoja tu: tumletee huo msitu auone.

Mjomba, mwenye simu ya kamera nzuri, akazirusha picha zote kwenye kundi la familia. Bibi akaikodolea macho simu ya Shangazi. "Huyu ni kima au ni tundu la mti?" Shangazi akakata shauri: zionyeshwe kwenye televisheni, na majirani waitwe. Mpwa wangu akapewa flashi, akatumwa kwa kijana anayenakili na kuchapa.

Baada ya Isha televisheni ikatolewa barazani, ikawekwa juu ya meza ya mandazi, watoto mkekani. Flashi ikachomekwa. Ikatokea harusi! Bibi harusi tusiyemjua, keki ya ghorofa, wazee wamevaa kanzu. Jirani mmoja akamtambua mpishi wa pilau, ikawa mjadala. Mpwa keshatoka mbio. Alimgongea yule kijana mlango hadi kila flashi ikarudi kwa mwenyewe.

Ndipo Kibira ikaja. Chai ya Teza imekatwa sawasawa, kijani kibichi, halafu ghafla inakoma na msitu unasimama wima, mweusi, ukungu umeukalia kichwani. Bibi alisema "Subhanallah" na kuomba picha isipitishwe. Mjomba akaeleza kwamba zamani wami, wafalme wa Burundi, waliwinda humo, kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 1980, hekta kama 40,000, na kwamba unaungana na Nyungwe ya Rwanda. Mvua ikinyesha upande huu wa mgongo wa mlima inateremkia Rusizi na Tanganyika. Upande wa pili inashika Ruvubu mpaka Nile.

"Mgongo mmoja, maji yanaachana?" Bibi akauliza, na umeme ukakatika.

Wengine walitaka kwenda kulala. Bibi akakataa katakata. Kila aliyepanda mlima, akasema, asimame gizani asimulie aliyoyaona. Mpwa akasimulia baridi, Shangazi akasimulia vitenge vitatu alivyojifunga na meno bado yakagongana. Mjomba akaeleza kuwa mto Gitenge unatoka msitu uleule, ndio unaojaza bwawa la Rwegura, na umeme wa Rwegura unafika hadi mjini kwetu. Kwa hiyo anayechoma makaa Kibira anaigusa taa ya Buyenzi. Watu walinyamaza wakasikiliza, jambo ambalo kwenye kundi la simu halikutokea hata mara moja. Naamini picha ya mlima yataka msimulizi aliyefika huko, na mzee wa kumuuliza maswali.

Umeme uliporudi, ugomvi ukaanza upya: ipi ichapishwe kwa ajili ya ukuta wa Bibi? Shangazi alipigania ile ya vitenge. Bibi akachagua pale chai inapokoma na msitu kuanza. Shangazi hajakubali kushindwa. Anataka na ya kwake ichapishwe, na Mjomba ameahidi kutoa nusu ya gharama.